Chupa ya Mpakani

Kiunga alipoitoa chupa shimoni na kuipangusa kwa kofia, Kaari hakuitazama chupa. Alitazama udongo. Ulikuwa laini kama wa shimo lililochimbwa juzi, na roho yake ikakataa papo hapo.

Habari ya chupa hiyo kila mtu wa boma lile la Kibirichia aliijua. Marehemu baba mkwe, alipopimiwa shamba miaka ya sitini, aliligawa mara mbili kwa ajili ya wana aliotumaini kuwapata, akazika chupa mpakani. Mahali penyewe alikufa bila kumwonyesha mtu. Sasa Kiunga, shemeji mtu, alikuwa ameipata katikati ya viazi vya Kaari. Mpaka ukipita hapo, nusu ya viazi ingekuwa yake, pamoja na kaburi la Gitari, mumewe Kaari, ambalo halikuwa limemaliza hata mwaka.

Kaari aliomba chupa ipelekwe kwa Mwalimu Thuranira, mstaafu wa shule ya Kaaga ambaye nyumbani kwake chupa za kale ni nyingi kuliko vikombe. Kiunga alikubali upesi. Hilo nalo likamtia Kaari shaka, maana Kiunga hubishana hata na saa ya ukutani.

Siku ya kikao cha kuamua mpaka, wazee wa ukoo walikaa uani kwa Ciakuthii, mama mkwe. Tangu mazishi, mama huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya Kaari. Kila jioni alimletea yeye na binti yake Kendi chakula kilichofunikwa sahani, akaketi nao mpaka mtoto asinzie.

Mwalimu alisema chupa ni ya zamani kweli. Mshono wake ulipanda hadi mdomoni, kwa hiyo ilitoka kwenye mashine, si kwa pumzi ya mtu. Mdomo ulikuwa wa kizibo cha kuchomeka, na kwa nambari zilizokuwa kitakoni aliikadiria miaka ya hamsini. Kiunga akakohoa kwa raha. Kaari akaona shamba linakwenda.

"Lakini kuna kitu sielewi," mwalimu akaendelea. "Huu mshono unaanza chini, unapotelea tumboni, halafu unarudi shingoni. Udongo ungeusugua wote. Na chupa ikilala chini miaka hiyo yote inashika ukungu. Hii inang'aa. Mimi naona ilikuwa inafanya kazi mahali."

Kaari aliomba kuishika. Alipitisha kidole tumboni mwa chupa, pakawa laini kabisa. Akakumbuka chapati za Krismasi, zile nyembamba ambazo mama mkwe alijifunza kwao Embu kuzisukuma kwa chupa. Asubuhi hiyo, akikanda unga wa wageni, alikuwa ameona jikoni kijiti kipya cha kusukumia, bado kina kibandiko cha dukani.

Kumbe Kiunga amemwibia mamake! Kaari alifurahi, tena sana. Alileta unga na ubao, akamwomba mama awasukumie wageni, na badala ya kijiti akampa chupa. Alitaka mwizi aumbuliwe na mwenye mali.

Mkono wa kushoto wa Ciakuthii ulishika shingo, wa kulia kitako, bila yeye kutazama. Chupa ikazunguka mara moja juu ya unga, ikasimama. Wazee wote walikuwa wameona. Mama hakumtazama Kiunga.

"Mama, nani aliitoa jikoni kwako?" Kaari akauliza.

"Hakuna aliyeitoa. Nilimpa mimi." Alijifuta unga mikononi. "Wewe bado ni msichana, Mama Kendi. Utaolewa tu. Halafu mwanaume sijui wa wapi atakuja kulima juu ya mtoto wangu? Si afadhali Gitari akae kwa ndugu yake."

Wazee waliamua mpaka ubaki pale palipozoeleka kulimwa, wakaondoka bila kungoja chapati. Kaari alikuwa ameshinda, na kifua kilimuuma kama aliyeshindwa. Miezi yote ile alikuwa akimchunga Kiunga tu, si mama.

Jioni Ciakuthii alikuja na sahani iliyofunikwa, kama kawaida. Kaari aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mezani bila kuifunua. Kisha akachochea moto, akamchemshia Kendi viazi.