Kisu Kinachofunguka kwa Mkono Mmoja

Niliuficha mkono wangu wa kulia ndani ya kitenge, nikachuchumaa mbele ya turubai la Lukelo, nje ya soko la Ifakara, anapouza makufuli, tochi na visu vya kukunja. Nikaanza kuvijaribu kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia wa baba umekufa. Kiharusi kilimkuta mtoni, kikachukua mkono, mguu na upande mmoja wa mdomo. Mwenzake wa mtumbwi, baba mdogo Ponsiano, alimvumilia sana. Lakini juzi alikuja, akanywa uji wetu, akasema, "Kaka Kasmiri, kuvua huwezi tena, sikudanganyi. Nishonee wavu basi, mgao wako ubaki palepale. Jumapili baada ya misa naupitia. Ikishindikana, nitamchukua Viktor ashike nafasi yako."

Alipoondoka baba akaniambia, "Mama, kisu changu kinataka mikono miwili. Nitafutie kinachofunguka kwa mmoja."

Nikamletea cha jikoni. Akakitazama.

"Hicho cha mchicha."

Ndiyo maana nilikuwa pale. Kisu cha kwanza kilikuwa na kijishimo cha kutilia ukucha, hakikwenda. Cha pili springi ngumu. Cha tatu kilifunguka, kikalegea, kikanirudia vidoleni.

"Dada, unachagua kisu au mchumba?" Lukelo akauliza.

"Mchumba ningeshaondoka naye."

Wa bodaboda wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Lukelo, kimbia, huyo anakupimia wewe!"

"We ni mashoto?" Lukelo akaniuliza.

"Leo ndiyo."

Akachomoa kimoja kutoka kwenye boksi. Kilikuwa na kijichuma ubavuni cha kusukuma kwa dole gumba. Nikasukuma. Ta! Kikasimama imara. Nikarudia, nikarudia, mpaka akasema nitakichosha kabla sijakilipia. Kukikunja alikuwa anakunja yeye. "Mgongoni kina kufuli, kikishafunguka hakikurudii," alisema. Nikafurahi. Nilichokitaka mimi ni kufunguka tu.

Nyumbani baba alikuwa ameshatandika wavu kwenye mkeka. Akakifungua mara ya kwanza tu. Akatabasamu kwa upande ule unaotabasamu.

"Umeniletea mkono, mama."

Akalaza nyuzi zilizochanika juu ya ubao, akazikandamiza kwa kisu, akazikata moja moja. Jasho lilimtoka, lakini alikata zote, tundu likawa safi, tayari kwa kushonwa. Nikaenda kuteka maji naimba.

Niliporudi nilimkuta na sindano ya wavu. Jicho la wavu alikuwa amelitia kwenye dole gumba la mguu mzima, uzi ameupitisha vizuri, lakini fundo linataka vidole vingine vya kulibana wakati unavuta. Akavuta, likafumuka. Akalibana kwa meno, upande uliokufa ukaliachia, mate yakamchuruzika kwenye shati.

Nikanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Kwa baba na Ponsiano, mwanamke hashiki wavu unaosubiri maji. Ponsiano asingeutia mtoni.

"Hatajua, baba."

"Mimi nitajua."

Akajaribu mpaka giza likaingia. Nilikaa namtazama. Tulikilaumu kisu kwa sababu kisu kinanunulika.

Jumapili Ponsiano alikuja, na Viktor nyuma yake. Aliutazama wavu. Akampa Viktor ishara aubebe.

"Shikamoo mzee," Viktor akasema, hamtazami usoni.

"Marahaba. Tundu liko upande wa maboya." Baba akalionyesha kwa kisu. "Lilikuwa dogo. Nimelipanua mimi."

"Sawa, mzee."

"Na mtumbwi unavujia mbele, usikae mbele."

"Sawa."

Ponsiano akamgusa baba begani, lile bega lisilosikia. Wakaenda.

Baba akabaki na kisu, kiko wazi. Akataka kukikunja. Akakibana kwenye paja, akabonyeza kufuli kwa dole gumba, lakini kila akibonyeza hakuna mkono wa kusukuma ubapa wa kisu urudi. Akajaribu kwa kidevu. Nikageuka niangalie barabarani, niliona nikimtazama namwongezea aibu.

"Mama."

"Abee, baba."

"Nikunjie."

Nikakikunja kwa mikono yangu yote miwili.