Kidole Gumba Chini ya Tangi la Samaki

...na kidole gumba chenyewe kimeshaanza kufa ganzi, lakini kasema nisikitoe, nami sikitoi, nimelala chali kwenye sakafu ya daktari wa meno, kichwa ndani ya kabati, miguu nje wanakopita wagonjwa, miaka thelathini na minne ya ufundi bomba na leo kazi yangu ni kuziba kiungo kimoja kwa kidole, dakika tano, Baba, kasema binti yangu, pampu iendelee kuzunguka, mimi nasimama huku juu naangalia kioo cha tangi, viputo vikiisha vyote tutajua hewa inaingilia hapo tu, vikibaki tunatafuta tundu jingine, na usichungulie, maana nakujua... ananijua, nilikuwa karibu kuchungulia... maji yanashuka kutoka kwa samaki huko juu, yanaingia kwenye tangi dogo hili kando ya sikio langu, pampu inayavuta na kuyarudisha, safari yenyewe ndiyo hiyo, ila wiki tatu sasa yanarudi na hewa, meupe kama maziwa, na bomba linazomea, daktari alitueleza tangu mlangoni, wagonjwa wangu wakisikia ile sauti wanadhani keekee ya kutobolea meno imeshawashwa, juzi bwana mmoja mtu mzima, tai shingoni, kainuka kaenda zake na jino lake bovu... mafundi wawili wamepita hapa, wa kwanza kasema pampu imechoka, wa pili kaongeza maji kaondoka, na mimi, niseme ukweli, nilisema pampu kabla hata sijavua koti, kisha nikasema tupake povu la sabuni kwenye viungo tuone panapovuta, binti yangu akanishika mkono taratibu, Baba, sabuni itaua samaki, wala hakucheka, akalowesha kitambaa kwenye maji yale yale ya tangi, akawa anakizungushia kiungo kimoja baada ya kingine, anasubiri, anasikiliza, hana haraka, mpaka akafika kwenye hiki, mzomeo ukakatika, na hiki mimi nilishakimulika mara mbili nikasema kizima, kikavu, hakidondoshi hata tone, akasema upande huu wa pampu maji yanavutwa, Baba, kiungo kikilegea hakivuji, kinameza hewa... kinameza hewa, neno hilo nimelisikia wapi...

“Vinapungua?” nauliza.

“Vinapungua. Tulia, Baba.”

Natulia, nitafanyaje, mama yake ndiye aliyenitoa nyumbani asubuhi, miezi mitatu tangu nistaafu nimekaza kila koki mpaka wajukuu hawawezi kunawa, nimefungua sinki lisilo na kosa, nimelifunga, nimelifungua tena, mke wangu kaja na koti langu mkononi, nenda kamshikie mtoto tochi, nyumba nayo ipumue... na kweli nimeshika tochi, mimi niliyekuwa nashikiwa... mguu unaniwasha, kuna mtu kauruka, samahani mzee, bila samahani... na sauti ya daktari, kaishusha lakini kabati hili linakusanya sauti kama chungu, anamuuliza, yule mzee ndiye aliyekufundisha kazi?... nami naomba kimoyomoyo, hebu sema ndiyo, mwanangu, sema ndiyo tu yaishe, mtu mgeni huyu, itakugharimu nini...

“Hapana,” anasema binti yangu. “Alikataa.”

Nilikataa, ndiyo, siku barua ya chuo cha ufundi ilipofika nilisema mezani, mbele ya kaka zake, kazi hii itakuharibu mikono, kasomee uuguzi, na miezi minane tukawa watu wa shikamoo na marahaba, hakuna la tatu, na wala haikuwa mikono, ilikuwa ni wale watu walionipitisha mlango wa nyuma, walioniita wewe bomba, walionipa maji ya kunywa kwenye kopo la kuogea, nilikuwa sitaki mwanangu aitwe wewe bomba, mbona sikulisema hilo, nikasema mikono, mikono ina nini...

“Ila nilikuwa nimeshamwibia zamani,” anasema, na nasikia anatabasamu, mtoto wako humsikia akitabasamu hata ukiwa kabatini. “Baba akifanya kazi husema peke yake, hatua kwa hatua, wala hajijui. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni juu ya ndoo, eti nafanya hesabu za shule, kumbe naandika. Nyuma ya daftari. Hili la kumeza hewa ni lake. Nililiandika nikiwa darasa la sita.”

Darasa la sita... daftari lile nililiona, lina michoro, mirefu, imejikunja, nikamwambia mama yake mtoto anachora nyoka badala ya kusoma, kumbe si nyoka, ni viwiko vya mabomba, loo, nimeibiwa ndani ya nyumba yangu miaka yote hiyo nikiwa nimempa mgongo, naongea na sinki, mwizi kakaa kwenye ndoo yangu, na leo kaongeza lake juu ya langu, la sabuni na samaki sikuwa nalijua, hilo si la kwangu hata kidogo... nacheka, tumbo linatikisika, kidole kisitikisike, machozi yananiteleza kuelekea masikioni na siwezi kuyafuta, mkono mmoja una tochi, mwingine una kiungo, acha yateleze, yatadhaniwa maji ya tangi...

“Kioo kimetakata,” anasema daktari. “Naona mpaka magamba.”

“Baba, bado umeshika?”

“Nimeshika.”

“Niongezee dakika moja, nataka kuwa na hakika.”

Dakika moja, zamani ningesema yatosha, nimeshajua, lete spana, na mdomo wangu unafunguka kusema hivyo hivyo, ila kinatoka kingine, “Baada ya hapa tunafanya nini, fundi?” na viatu vyake vinasogea karibu na goti langu, vimesimama.

“Tunabadilisha mpira wa ndani ya kiungo,” anasema, polepole. “Nitakuonyesha.”

“Nionyeshe,” namwambia, na kidole sikisikii tena kama ni changu, maji yanapita chini yake laini, yanapanda, na mimi nimelala hapa kama bwana harusi, sina haraka ya kuinuka...