Usingizi wa Papa wa Saa Sita

Papa yangu, Mukalay, alipima ardhi mu migodi ya Kolwezi miaka makumi tatu, na kila siku saa sita ya mchana alikuwa analala. Leo yuko mu pensheni na bado analala saa ile ile, kofia juu ya macho, mdomo wazi. Mi namuita Mkurugenzi wa Usingizi. Anaitika.

Wiki ile sikuwa na hamu ya mchezo. Nilikuwa nimefunga masanduku mawili ya laser hapa mtaa wa Manika: moja juu ya tangi ya maji ya maternité, hospitali ya wazazi, lingine mu dirisha la labo, maabara ya damu, mita mia tisa upande wa pili wa mtaa. Mwanga unatoka labo unaingia maternité, umebeba majibu ya damu, bila waya hata mmoja wa shaba wa kuibiwa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza mwenyewe. Asubuhi inapita safi. Kuanzia saa tano, inakatika-katika.

Ma sœur Micheline, mtawa mkubwa wa maternité, aliniambia kwa upole unaotisha: "Glodie mwanangu, Ijumaa saa sita nitakuja kuona mwenyewe. Ikikatika, utafungua bitu byako, tutaita bale mafundi ba Lubumbashi."

Nilisafisha vioo. Nilibadilisha nyaya za ndani ya masanduku. Nilikaza skrubu mpaka mkono ukavimba. Alhamisi mchana nilirudi nyumbani nikamwaga hasira yote juu ya mtu aliyelala.

"Papa, mu nyumba hii mutu mumoja anavunjika mugongo, mwingine anakoroma!"

Alifungua jicho moja. "Inakatika saa ngapi?"

"Saa tano mpaka saa tisa."

"Na mawingu ikifunika jua?"

Nikahesabu siku kwa vidole. Jumanne kulikuwa na mawingu, na haikukatika hata mara moja.

"Na ule mwanga unapita juu ya nini?"

"Juu ya mabati ya nyumba za bantu, karibu kabisa. Nimeweka sanduku la labo chini, nyuma ya vyuma vya dirisha, bezi basifike kuliiba."

Papa alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Umefungia bezi, umeachia jua mlango!"

Alinivuta mpaka kwenye mbabula, jiko la makaa, mama alipokuwa anapika ugali wa bukari. "Inama. Angalia ukuta kupitia juu ya makala."

Matofali yalikuwa yanacheza kama yako mu maji.

"Sasa simama, angalia kwa juu."

Yakatulia.

"Hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, zinachanganyika," alisema. "Kila kipande kinapinda mwanga kidogo. Mi nilikuwa naangalia muti wa kupimia mu lunette, darubini ya kazi: asubuhi umesimama kama askari, saa sita unacheza rumba. Ukiandika namba ile, umeandika uongo. Njo maana tulikuwa tunafunga lunette, tunalala."

"Miaka makumi tatu! Na haukutuambia?"

"Mulikuwa munafurahi kunicheka. Ningewanyima?"

Ijumaa asubuhi tulisimamisha mlingoti juu ya paa la labo, mita nne, mwanga upite mbali na joto la mabati, na sanduku ndani ya kizimba cha vyuma. Papa alilenga na lunette yake ya zamani, akininung'unikia: "Kushoto. Kushoto ni huko, engineer."

Saa sita Ma sœur Micheline alifika labo, akakaa mbele ya kompyuta, saa yake mkononi. Jua lilikuwa linapiga mabati bila huruma. Mi niliangalia namba za nguvu ya mwanga kwenye simu yangu: zinashuka, zinapanda, zinatetemeka. Majibu ya damu yakaenda maternité, yakafika. Mengine yakaenda, yakafika. Nusu saa nzima.

"Inatetemeka kidogo, Ma sœur," nilisema, maana sikutaka kumdanganya. "Lakini haikatiki."

Alijipangusa jasho. "Kwa joto hili, mwanangu, hata mi natetemeka kidogo. Acha sanduku pale pale."

Nikatoka mbio kumuambia Papa. Alikuwa amekaa chini ya ukuta wa labo, kofia juu ya macho, mdomo wazi, miguu yake yote miwili mu jua. Nilisogea mpaka kivuli changu kikaifunika.

Kwa heshima ya sayansi, sikumuamsha.