Paswedi ya Mwanawetu

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na wanafunzi wangu wananijua. Lakini Alhamisi ile hasira yangu haikuwa juu yao. Tulikuwa ukumbini parokiani, hapa Nachingwea mjini, kompyuta nne na akina mama saba, ambao ninawafundisha kila Jumanne na Alhamisi kuwasha, kuzima, kushika mausi bila kuikaba na kufungua barua pepe. Mwanawetu wa Naipingo alikuwa anaomba kazi kwa mkono wake mwenyewe. Alijaza namba ya kitambulisho cha taifa, akabonyeza, na mfumo ukamjibu kwamba mtu huyo ameshasajiliwa.

"Madam, nimesajiliwa na nani?" akaniuliza.

"Mwaka jana ulikwenda kwa nani?"

"Kwa Anuari."

Basi nikaelewa. Anuari ana duka la steshenari karibu na stendi. Ukitaka kuomba kazi, mkopo wa chuo au cheti cha kuzaliwa, unampelekea makaratasi na kusimama mbele ya kaunta, naye anakaa nyuma ya kompyuta iliyokupa mgongo. Anakufungulia akaunti kwa barua pepe anayoijua yeye, namba ya simu yake na paswedi yake, halafu anakwambia, "Tayari, mama." Ukitaka kujua umepata au umekosa, unarudi kwake.

Mwanawetu ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na moja amezunguka Naipingo na mzani begani, akipima watoto uzito kwa kujitolea. Mwaka jana kazi hiyo ilipotangazwa kuwa ya ajira, alimwachia Anuari vyeti vyake. Mtandao ulikuwa unasumbua, Anuari akamwambia aende tu, angetuma jioni. Hakutuma. Alisahau, ndivyo alivyosema, tena huku anacheka. Nafasi akapewa msichana mmoja kutoka mjini, akakaa miezi mitatu, akaondoka. Sasa imetangazwa tena, na mwisho wa kuomba ulikuwa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Ijumaa tukaenda wote wanane. Anuari alikuwa msikitini, duka limefungwa, tukamsubiri juani. Alifungua saa nane na nusu.

"Karibuni, mama zangu," akasema. "Mbona mmekuja kama mnakwenda msibani?"

"Nataka paswedi yangu," Mwanawetu akasema.

"Ya nini? Lete vyeti nikutumie. Dakika tano tu."

"Hata mwaka jana zilikuwa dakika tano."

Anuari akanigeukia mimi. "Madam, si uwaeleweshe? Watu wazima hawa. Akikosea kidogo tu, mfumo unamfungia."

"Akikosea atakuwa amekosea yeye," nikamjibu.

"Basi siwezi kuitoa. Paswedi ni siri."

Hapo Sabaha wa Ruponda, mwanafunzi wangu mwingine ambaye akaunti yake nayo iko kwa Anuari, mama ambaye sijawahi kumwona akiogopa mtu, akasogea mbele. "Siri gani hiyo ya Mwanawetu, unayo wewe na mwenyewe hana?"

Watu waliokuwa wanasubiri kutoa kopi wakacheka. Mwanawetu hakucheka. Aliinua ubao wa kaunta, akapita, akasimama kando ya kiti cha Anuari. Hakuna mteja aliyewahi kupita pale. Anuari alitazama watu, akatazama saa, akaona heri yaishe.

"Haya. Naiingiza mimi, wewe utamalizia."

Akaandika huku mkono mmoja umefunika kibodi. Kwenye kioo zikatokea nukta nyeusi. Akainuka, Mwanawetu akakaa.

"Bonyeza hapo pa kuingia," Anuari akamwambia.

Mwanawetu hakubonyeza. Alisogeza mshale polepole mpaka mwisho wa zile nukta, penye alama ndogo ya jicho. Niliwafundisha jicho lile wiki ya pili, kwa sababu walikuwa wanakosea na wanataka kuona walichoandika. Akalibonyeza, nukta zikawa herufi.

Sabaha alikuwa ameshanyoosha shingo. Akasoma kwa sauti ya kuita mbuzi: "Anuari, elfu mbili na kumi na tisa!"

Kwenye kaunta alikuwepo Stefano, mwalimu wa shule ya msingi huko Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Anuari ndiye aliyemwombea uhamisho. Alitoa simu yake, akaandika alichosikia, akasubiri, kisha akainua kichwa.

"Na ya kwangu imefunguka," akasema.

Wote wakasema kwa pamoja. Mimi nilimwambia Anuari kwamba amewaweka watu wa Nachingwea na Ruangwa mfukoni kwa neno moja, tena lenye jina lake. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba watu wanasahau, ndiyo maana. Nadhani aliamini kabisa kuwa anatusaidia, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Weka simu yako hapa," Mwanawetu akamwambia, macho hayatoki kwenye kioo.

Anuari akaiweka. Mwanawetu alifuta barua pepe na namba ya Anuari, akajaza zake. Namba za uthibitisho zikaingia kwenye simu ya Anuari, Mwanawetu akazisoma mwenyewe, akaziandika kwa kidole kimoja. Alipofika pa kubadili paswedi alitugeukia, akatukazia macho mpaka wote tukaangalia ukutani, hata mimi.

Ikawa saa tisa na dakika kumi na tano. Vyeti tulikuwa tumeshaviskani ukumbini, vimo kwenye flashi. Akaweka cha kwanza, mtandao ukazunguka wee. Cha pili akakosea, akaweka cheti cha kidato cha nne penye cha kuzaliwa. Yakatokea maandishi mekundu. Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nimekuwa karani wa kuchapa miaka kumi na tano, kazi ile ilikuwa ya dakika moja kwangu. Nikaishika mausi.

"Toa mkono, Madam."

"Mwanawetu, muda!"

"Muda nauona. Toa mkono. Nikikosa leo, nikose mwenyewe. Nimechoka kukoseshwa."

Maneno yale yaliniingia. Kwanza nilimkasirikia, kisha nikaona aibu, maana kumbe na mimi nilikuwa naanza u-Anuari. Nikaikunja mikono yangu kwapani. Yeye akafuta cheti kile, akatafuta kingine, akasoma jina lake herufi kwa herufi, akakiweka. Saa tisa na dakika ishirini na sita akabonyeza kutuma.

Kiduara kikazunguka. Sabaha alikuwa amenibana kiwiko mpaka kinauma. Halafu simu ya Mwanawetu, ya kwake mwenyewe, ikalia ndani ya pindo la kanga. Akaitoa na kutusomea: "Mwanawetu, maombi yako yamepokelewa." Tukapiga vigelegele mpaka wenye bodaboda nje wakaja kuchungulia. Kazi yenyewe atapata au atakosa, sijui, lakini safari hii yamefika.

Anuari naye akampongeza. Kisha akafungua daftari lake na kumsogezea kalamu. "Sasa, mama, niandikie hapa hiyo paswedi mpya nikutunzie. Nyinyi mnasahau, halafu mnakuja kunililia hapa dukani."

Mwanawetu alibonyeza pa kutokea, akangoja mpaka jina lake likapotea kwenye kioo. Akainuka, akamvutia Sabaha kiti.

"Nikisahau nitalia," akamwambia Anuari. "Lakini nitalia kwangu, Naipingo. Hapa kwako silii tena."