Mathe na Vita Zote Mbili

Uongo wa Mathe ulikuwa mfupi, maneno mawili tu. Aliusema arusini, mjini Beni, akiwa na paja la kuku mkononi, wala hakuna aliyemlazimisha.

Alikuwa amekalishwa meza moja na mjane aitwaye Mariette, mnunuzi wa kakao, mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya mtu asiyezoea kurudia neno. Watu wote walikuwa wakingoja keki. Yeye alikuwa anasoma. Arusini! Kitabu kinene kama tofali, amekiegemeza kwenye chupa ya soda, na jaladani kifaru cha vita kimeelekeza mzinga wake kwa wageni.

Mathe alikuwa mgane, mfanyabiashara wa viazi wa Butembo, na tangu mkewe afariki alikuwa hajamwangalia mwanamke mara mbili. Huyu alimwangalia mara tatu, kisha akatafuta neno la kuanzia.

"Mama, kile kitabu kinasema nini?"

"Vita ya dunia," Mariette akajibu bila kuinua macho. "Weye unapenda mambo ya vita ya dunia?"

"Sana."

Macho yakainuka. "Ya kwanza ao ya pili?"

Mathe alijua kwamba Wazungu waliwahi kupigana. Kwamba walimaliza, wakapumzika, kisha wakaanza tena, hilo lilikuwa jambo jipya kwake. "Zote mbili," akasema.

Mariette akafunga kitabu. Akamweleza kwamba marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa historia, amemwachia rafu nzima, na kwamba Beni yote hana mtu wa kuzungumza naye. Kila mtu ambaye yeye humwambia soma hiki, ona ile, anaitikia ndiyo, ndiyo, kisha anakwenda kutazama mpira.

"Basi weye njo utanisaidia," akasema. "Unitafutie série moya ya télé, ya vita, yenye unaipenda weye mwenyewe. Uje uniambie juu ya nini niione, kwa sababu gani."

Mathe akaitikia. Keki ikaletwa, hata ladha yake hakuisikia.

Kesho yake, alipofika Butembo, hakupita hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Élisée, mwenye kibanda karibu na soko ambako watu wanajaziwa filamu kwenye simu na kwenye flash. Élisée alikuwa anajua kila filamu iliyowahi kufika Butembo, na alikuwa akiwahudumia wateja kama daktari: kwanza anakuuliza unaumwa wapi.

"Papa Mathe, vita ya dunia iko mingi," akasema. "Ya kwanza ni matope, panya na mustachi. Ya pili ni ndege, redio, na bamama benye kuficha batu. Unatafuta ya kulia, ya bombe, ao ya mapendo?"

"Ya kuoa," Mathe akasema, neno likamponyoka.

Élisée hakucheka. Aliinamisha kichwa mbele ya mashine yake, akapekua, akatikisa kichwa, akapekua tena. Mwisho akachomeka flash. "Hii. Mama moya wa boulangerie, wa kupika mikate, ku Ulaya. Waaskari wa adui bameingia mu muji, naye ameficha majeruhi mu stoo ya unga. Papa, mi niko na roho ya jiwe, mais hii ilinifanya nifunge kibanda saa sita."

Nyumbani kwa Mathe alikuwako dada yake mkubwa, Bénite, aliyehamia pale baada ya msiba ili kumpikia mdogo wake na kumtawala. Habari za Mariette zilikuwa zimeshamfikia. Beni na Butembo si mbali, na maneno hayalipi nauli.

"Mwanamuke wa kusoma vita mu ndoa ya batu," alisema huku akichagua maharagwe. "Siku moya mukigombana, atakuzunguka na nyuma. Hapana. Sitaki."

"Yaya, dada yangu, mi naangalia tu télé."

"Angalia. Miye macho yangu iko mu maharagwe."

Mathe akawasha. Bahati mbaya, alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo kwenda kununua viazi Musienene, na mwili wake ulikuwa na sheria moja: ukikaa, umelala. Aliona tanuri, aliona mama mwenye kitambaa kichwani, aliona moshi wa mkate. Kisha hakuona tena kitu.

Aliposhtuka, Bénite alikuwa amesimama katikati ya chumba, ungo wa maharagwe kiunoni, anamfokea mtu ndani ya télé.

"Mujinga weye! Usifungue mulango! Iko jirani yako, anakuuzisha! Mathe, ona ile jirani. Namujua ile! Anafanana kabisa na Adèle wa kwaya, hata gisi anaingia mu nyumba ya batu bila kusema hodi."

Ikawa hivyo juma zima. Kila jioni Mathe anawasha, Mathe analala, na Bénite anapigana vita. Maharagwe yaliungua. Siku moja ugali ulifika mezani saa ya watu kulala, na mpishi hakuomba radhi. Alisema tu kwamba daraja limelipuliwa. Asubuhi Mathe alimwomba amsimulie, naye akamsimulia, ila kwa namna yake: unga ulivyokuwa mchache, mikate ilivyochanganywa na viazi, na jinsi yeye Bénite angeikanda vizuri zaidi. Kuhusu nani alikuwa anampiga nani, na kwa nini, hakugusa.

Kipindi cha mwisho kikakataa kufunguka. Mashine iliandika maneno ya Kifaransa, ikanyamaza. Bénite alikwenda mwenyewe kwa Élisée na kumwambia mambo ambayo mkristo husema mara moja tu maishani, lakini Élisée naye hakuwa nacho. Alikipokea kikiwa kimekwisha kuharibika.

Siku ya kwenda Beni ikafika. Mwanamume hawezi kwenda peke yake nyumbani kwa mjane, kwa hiyo Bénite akafuatana naye, amevaa kitenge cha Pasaka na uso wa mtu anayekwenda kukataa posa.

Mariette aliwapokea vizuri barazani, kwa shukrani za Kinande. "Wasingya, wasingya, mukaribie." Akaleta chai ya maziwa na karanga, akauliza habari za viazi, akauliza habari za njia, kisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Papa Mathe. Umeniletea nini?"

Mathe akatoa flash mfukoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Hii, Mama, usiikose. Ni ya mama moya wa boulangerie."

"Aah. Inapita mu vita gani?"

"Ya kwanza."

Bénite akakohoa. Mariette hakubadilika uso. "Ya kwanza. Na ndege zenye kuanguka mu shamba, iko ndani?"

"Mingi sana."

"Na redio?"

"Redio nayo. Ile mama anapenda redio sana. Na panya," Mathe akaongeza, akikumbuka maneno ya Élisée. "Na matope. Na wakubwa wa jeshi wenye mustachi." Jasho lilikuwa linamtoka nyuma ya masikio, lakini ulimi wake ulikuwa umeshika mteremko na breki hakuna. "Juu ya nini uione? Juu ni ya mapendo. Mwisho, ule majeruhi anapona, anamuoa ile mama, banafungua boulangerie ya pili."

"Uongo!" Bénite aliruka hata chai ikamwagika. "Majeruhi gani? Ule alikufa ku daraja! Nililia siku mbili! Anamuoa gani, na yuko mu kaburi? Na ni vita ya pili, ya pili! Mama Mariette, usimusikie huyu. Alilala. Kila siku alilala. Aliona tanuri, basi."

Uani kuku mmoja aliendelea na mambo yake. Mathe alitazama viatu vyake na kutamani viwe mlango.

"Najua," Mariette akasema polepole. "Hii série nimeiona mara mbili."

"Mara mbili?" Mathe akainua kichwa. "Na umeniacha niseme?"

"Ulikuwa unasema vizuri. Nilitaka kujua kama ile boulangerie ya pili itafunguliwa wapi." Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na mara kicheko kikamshinda, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye karanga. Alipopata pumzi akauliza, "Mais juu ya nini ulisema unapenda vita?"

Mathe aliona kwamba hana tena cha kupoteza. "Ilikuwa juu ya kitabu chako. Kama kingekuwa cha kufuga sungura, ningesema napenda sungura. Zote mbili, dume na jike."

Bénite mwenyewe alicheka hapo, ingawa alificha kicheko ndani ya kitenge.

"Na weye?" Mathe akauliza, sasa kwa sauti yake ya kweli. "Hapa Beni, na vita yenye tunaona kila siku. Unapata wapi roho ya kuangalia vita ingine jioni?"

Mariette aliokota miwani. Hakuivaa.

"Juu zile ziliisha," akasema. "Nafungua kitabu, batu bako nakufa, bako nakimbia na magodoro ku kichwa sawa siye. Mais naangalia ku kurasa ya mwisho, kuna siku. Kuna mwezi, kuna mwaka. Kengele zinalia, batu banatoka inje. Napenda kusoma ile siku. Siku zingine naisoma ile tu."

Mathe alichukua karanga moja, akaimenya taratibu, akaiweka upande wa Mariette wa meza. Halafu nyingine. Ndiyo maneno aliyokuwa nayo.

Bénite ndiye aliyesema kwanza. Alisogeza kiti chake mbele, akainama, akanong'ona kama anayeuliza habari za ukoo: "Mama Mariette, na ile jirani, mwenye kuuza siri. Mwisho alikamatwa?"

"Hamukuona mwisho?"

"Ilikatala kufunguka!"

Mariette akasimama. "Mungu wangu. Kuja hapa, mama."

Waliingia sebuleni wale wawili, wakafunga pazia, na Mathe akaachwa na kuku. Alisikia kelele, alisikia dada yake akipiga makofi, akisema "Njo vile! Njo vile!", kisha alisikia wanawake wawili wazima wakilia pamoja. Bénite alipotoka alikuwa amebeba vitabu viwili vya kuazima na macho mekundu. Garini, kabla hata hawajatoka mjini, alimgeukia mdogo wake.

"Ukikawia kumuoa huyu mutu, mi nitahamia kwake mwenyewe."

Hakukawia. Wakubwa wa pande zote mbili walikutana, mbuzi wakatolewa, na hoja ya kwamba huyu ni mkatoliki na yule ni mprotestanti ilizimwa na Bénite, aliyesimama na kusema kwamba hata mataifa yaliyopigana yalikubaliana mwishoni, na akataja mji yalipokubaliana.

Baada ya arusi ilibaki kuhamishia Butembo rafu ya marehemu mwalimu. Mathe alileta lori lake la viazi. Vitabu viliwekwa ndani ya makatoni, katikati ya magunia, chini ya hema, maana Mariette hakutaka vipate hata tone la mvua. Yeye na Bénite walikaa mbele kwa dereva. Mathe alipanda juu na mzigo.

Kwenye kizuizi kimoja, nje ya mji, askari kijana alizunguka lori, akapiga katoni moja kwa kidole.

"Nini oyo? Iko nini humu ndani?"

"Vita," Bénite akajibu kupitia dirishani, kabla mtu hajamzuia. "Zote mbili."

Askari akashika bunduki vizuri. Mathe alishuka kutoka juu ya magunia haraka kuliko alivyowahi kushuka, mikono hewani, akieleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Lingala aliyoijua kutoka kwenye nyimbo. Ikabidi katoni ifunguliwe. Askari akatoa kitabu, akakigeuza, akatazama picha. Akatoa kingine. Bunduki ikarudi mgongoni.

"Mama," akamwambia Mariette, sasa kwa heshima kabisa, "kati ya hizi, mutu wa kuanza asome gani? Siku ya hapa ni murefu."

Mariette alishuka garini. Alimwangalia yule kijana kama Élisée anavyomwangalia mteja, kisha akapenyeza mkono kati ya makatoni, akachomoa kitabu chembamba.

"Hiki. Ni kifupi, na yule askari wake anarudi kwa mama yake."

"Iko na mapendo ndani?"

"Mbele kidogo. Usiruke."

Kijana akaketi juu ya jiwe, akalowesha kidole, akafungua. Nyuma ya lori magari yalianza kupiga honi, pikipiki zikajipanga, mtu akatukana kwa Kinande. Mathe alikohoa mara mbili, akaonyesha kamba iliyofunga njia.

"Chef, samahani. Kamba."

"Ngoja kwanza," askari akasema bila kuinua macho, akageuza ukurasa.