Asiyejua Mahindi

Kila siku ya kazi, saa kumi kasoro robo alasiri, Japhet alitoa viti viwili kwenye baraza ya mama yake huko Katubuka, akavifuta vumbi, akaweka dodoso lake juu ya kigoda na kulikandamiza kwa jiwe ili upepo wa ziwani usilipeperushe. Dodoso lilikuwa na maswali arobaini na mawili. La kwanza lilikuwa la mwaka.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa historia. Tasnifu yake ilihusu karne zile ambazo mabara yalianza kupelekeana mazao, bidhaa na watu, na jinsi mambo hayo yalivyofika Ujiji na Uvinza. Maandishi ya huku ya nyakati hizo hayakuwepo, hivyo ilibidi kuuliza. Wazee walio hai walimweleza waliyosikia kwa babu zao, na babu zao hawakufika mbali kiasi hicho. Waliobaki ni wafu.

Wafu walikuja saa kumi. Walipita njia ya kisimani, wakabisha hodi kama wageni wengine, wakaketi. Japhet aliwauliza mwaka. Walimtazama, wakangoja kwa adabu, kisha wakaaga. Kwa wiki tatu alijaza daftari zima neno "hajui".

Alasiri moja ya Oktoba 1997, Honorata alitoka jikoni na sahani. Alikuwa Mrundi. Alivuka kwa mtumbwi mwaka uliotangulia, na mama yake Japhet, Rozalia, akampa kitanda na nafasi jikoni. Kabla ya hapo alikuwa amesoma historia miaka miwili Bujumbura. Kwenye sahani kulikuwa na makande ya mahindi ya njano, yale ya msaada yaliyotoka Marekani kwa ajili ya wakimbizi na kuishia soko la Mwandiga.

"Mwiriwe, bibi," alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Karibu chakula."

Mgeni wa siku hiyo alikuwa mwanamke aliyepika chumvi Uvinza maisha yake yote, mpaka homa ilipomuua. Alichukua punje moja, akaigeuza vidoleni.

"Meno haya ni ya mnyama gani?"

Honorata akarudi jikoni, akaleta uji wa ulezi. Bibi akaumaliza. Honorata akaandika: Hajui mahindi. Hajui maharage. Amekufa kabla hayajafika. Kisha wakaongea mpaka jua likashuka: vyungu, kuni, nani alivuka ziwa na nini. Bibi alipoondoka, kiti kilibaki na utando wa chumvi, na Rozalia akaukwangua kwa kisu akautia kwenye kopo.

Kesho yake alikuja mchukuzi. Mahindi aliyala, lakini muhogo aliusogeza ukingoni mwa sahani kama kitu kilichoangukia humo kwa bahati mbaya. Honorata akamwandika baada ya bibi wa chumvi, akamuuliza yale yale, akalinganisha majibu.

Baada ya hapo wafu walimpita Japhet barazani, wakamwamkia, wakaingia jikoni. Akahamishia viti vyake mlangoni mwa jikoni. Akashika sahani yeye mwenyewe, akamnyooshea mchukuzi. Mchukuzi alishukuru, akaipokea kwa mikono miwili, akampa Honorata.

"Unawauliza kama askari wa mpakani," Rozalia alimwambia. "Mtu katembea toka Uvinza, unamuuliza mwaka?"

"Ndio utaratibu wa utafiti, mama."

"Hata bibi yako marehemu aliyekuja Jumanne alininong'oneza. Huyu mwana wanje, mwana wangu huyu, kasema, nani kamtia haraka?"

Usiku Japhet alilala akisikia penseli ya Honorata chumba cha pili, na akahesabu kurasa alizogeuza.

Novemba mhadhiri wake, Daktari Mwinshehe, alifika kwa treni kukagua kazi. Alilipitia daftari la Japhet akasema, "Dodoso lako ni safi." La Honorata alilisoma mpaka chai ikapoa.

"Nani kakufundisha kuwapanga mashahidi kwa chakula?"

"Hakuna, mwalimu. Miaka hawaijui. Ila kila mtu anajua alichokula."

Mhadhiri alisema chuo kilikuwa na nafasi moja kwa aliyekatishwa masomo na vita. Ilihitajika barua ya mdhamini, raia, yenye saini na muhuri wa kata, kabla ya Jumamosi. "Japhet ataandika," alisema.

"Nitaandika," Japhet alisema. Na aliandika, jioni ile ile, kwa mwandiko mzuri. Saini hakutia. Akaiweka barua ndani ya daftari lake.

Ijumaa akaja Leonardi, balozi wa nyumba kumi, na fomu. Wakimbizi wanaolala nje ya kambi walikuwa wanaorodheshwa ili warudishwe.

"Mwenye barua ya mdhamini anaachwa," Leonardi alisema. "Ninyi mnayo?"

Japhet alitazama jikoni. Wafu wanane walikuwa wamemzunguka Honorata, na mmoja alikuwa anacheka.

"Hatuna," alisema.

Akaijaza fomu kwa uangalifu: jina, umri, mahali alipozaliwa. Na kwa kuwa fomu inapaswa kukamilika, akawaandika wale wanane pia. Leonardi alisoma akifuatisha kwa kidole.

"Hawa nao hawana vitambulisho?"

"Hawana."

"Basi watapanda wote lori la kambini."

Lori lilikuja Jumamosi saa kumi. Honorata alitoka na kifurushi.

"Ile barua, kaka?"

"Bado muhuri."

"Haya." Akampa daftari lake. "Nitunzie. Wanasema mahema yanavuja."

Askari alimpa mkono bibi wa chumvi akamsaidia kupanda. Rozalia alipitisha kopo la ulezi juu ya ubao wa lori, akaingia ndani, na kwa miezi miwili hakuongea na mwanawe.

Tasnifu ya Japhet ilipata daraja la kwanza. Watahini walisifu hasa mbinu ya kuwapanga mashahidi kwa mazao, naye akapewa nafasi ya mhadhiri msaidizi. Jina kwenye jalada lilikuwa moja.

Likizo iliyofuata alirudi Katubuka, akatoa viti saa kumi kasoro robo, akaweka bakuli la uji wa ulezi. Uji ukafanya ngozi juu. Hakuja mtu, isipokuwa bibi yake, ambaye alipita moja kwa moja kwa Rozalia. Kisha Leonardi akapita njiani, ametoka kambini kumwona shemeji yake.

"Dada yenu hajambo. Foleni kwenye hema lake inaanza asubuhi. Wale wazee wamepewa kadi za mgao. Kajaza madaftari kumi na tisa."

"Kumi na tisa," Japhet alisema. "Anao wa zamani kiasi gani?"

"Sijui mambo hayo. Juzi alikuja mmoja, wakampa ndizi, akaila na ganda lake."

Japhet alijua kwamba ndizi zilifika nchi hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alipekua daftari akitafuta karatasi, akaikuta ile barua ya udhamini, bado haina saini. Akaigeuza upande mweupe, akaandika: Mmoja, hajui ndizi. Akapiga mstari chini yake, akaingiza viti ndani.