Utando wa Buibui Juu ya Parachichi

"Viatu," alisema Brielle, kabla hata ya salamu.

Janelle alisimama mlangoni na mfuko wa maparachichi mkononi, akamtazama huyo mwanamke kuanzia soksi za manyoya mpaka fundo la nywele utosini. Vua viatu! Kwenye nyumba ambayo yeye Janelle aliipiga deki miaka tisa, akamlea mtoto wake ndani yake, na jikoni akapaka rangi ya njano kwa mkono wake mwenyewe. Sasa jikoni palikuwa pa kijivu tupu. Basi akavua. Akavua polepole, kamba moja baada ya nyingine, ili baridi ya Minnesota ipate nafasi ya kuingia kwa mlango uliobaki wazi.

"Funga mlango basi, Janelle. Nina mafua."

"Pole. Ningejua ningekuletea supu."

"Ungeniletea sumu."

Ndivyo walivyoanza, na ilikuwa saa tatu asubuhi tu.

Kusema kweli walijitakia wenyewe. Mwalimu wa darasa la tano, Bi Oberholt, alikuwa amewatumia wazazi orodha kwenye simu: sherehe ya Halowini, sikukuu ya watoto kuvaa kama mizimu, Ijumaa mchana, kila mmoja aandike atakacholeta. Saa kumi na mbili alfajiri Janelle akaandika, kwa jina la binti yake Maren: dipu ya makaburini. Dakika nne baadaye Brielle, mke mpya wa baba yake Maren, akaandika chini yake, kwa jina la Maren yuleyule: dipu ya makaburini. Hakuna aliyekubali kujifuta. Wiki nzima, jamani! Watu wazima, wenye akili zao, wanapigania bakuli la maharage na parachichi la kuchovyea krispi za mahindi. Mwishowe mwalimu akawaandikia wote wawili, kwa ile adabu ya watu wa huku inayochoma kuliko tusi: dipu moja kwa kila mtoto, nina hakika mtaelewana, ahsanteni sana. Na kwa kuwa wiki hiyo Maren alikuwa analala kwa baba yake, na bakuli kubwa la kioo liko huko, ikabidi Janelle aende.

Lakini dipu ilikuwa kisingizio tu. Jambo lenyewe lilikuwa Jumanne. Jumanne Maren angeingizwa ofisini kwa hakimu, peke yake, aulizwe anataka kuishi na nani. Tangu talaka alikuwa akihamishwa wiki hii huku, wiki ijayo kule. Sasa Wade, baba yake, alikuwa ameomba mtoto akae kwake moja kwa moja, mama abakiziwe Jumamosi na Jumapili. Tangu barua ya ombi hilo ifike Janelle alikuwa halali, na akilala anaamka meno yanamuuma kwa kuyakaza. Alichobaki nacho kilikuwa kimoja. Kwa zamu zilizopangwa na mahakama, Halowini ya mwaka huu ilikuwa yake. Sherehe ikiisha angemchukua binti yake, wazunguke nyumba kwa nyumba kuomba peremende, wacheke mpaka mbavu ziume, na Jumanne mtoto aende kwa hakimu akiwa bado anaikumbuka siku hiyo.

Brielle alivaa glavu za plastiki, akasogeza bakuli katikati ya meza.

"Makubwa haya! Unakwenda kumpasua nani?" Janelle aliuliza.

"Nimekwambia nina mafua, sitaki kuwaambukiza watoto wa watu. Na sionji kitu leo, pua imeziba, hata chumvi siisikii. Wewe ndiye utakayeonja."

"Mimi nilishaonja ya humu ndani, yalinitosha."

Brielle alimkazia macho. Akatandaza maharage meusi chini ya bakuli, huo ndio udongo wa makaburi. Janelle akapasua maparachichi, akayatia kwenye sufuria na kuanza kuyaponda kwa uma.

"Unaponda kama unaua nyoka."

"Kuna watu wawili watatu nawafikiria."

"Ponda tu, bibie, lakini usitie vitunguu. Maren hali vitunguu."

Janelle akacheka. "Mwanangu? Vitunguu anakula tangu hana meno."

"Aliacha mwezi wa sita. Anasema vinamkwangua koo." Brielle alisema bila hata kuinua uso, anafuta ukingo wa bakuli. "Hukujua?"

Hakujua. Na wala asingekubali kwamba hakujua, lakini uma ulisimama wenyewe. Miezi minne mtoto anakuja kwake, anakula vitunguu vyake kimyakimya asimuudhi, halafu anakuja kumwambia huyu! Huyu mwenye soksi za manyoya! Moyo ulimuuma kwelikweli. Akavikusanya vile vitunguu alivyokwisha kukata, akavitupa kwenye pipa la taka kwa kishindo.

"Yako mengi huyajui," Brielle aliongeza, na hilo hakuwa na haja ya kuliongeza.

"Kama yapi?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe, maana naona umekuwa msemaji wake."

"Mimi siyo msemaji wa mtu. Mimi nipo tu anapotaka kusema." Akapiga chafya kwenye kiwiko, akaelekea kwenye friji.

Humo kwenye friji mlikuwa na makopo mawili meupe ya plastiki, ya duka moja, ya ukubwa mmoja. Moja la krimu chachu, ya kuchorea utando. La pili la yogati ambayo Wade hula asubuhi. Brielle akatoa la mbele, akalifungua, akaanza kumimina kwenye mfuko mdogo wa nailoni. Kopo akaliweka pembeni, upande wenye maandishi ukamwelekea Janelle, na Janelle akasoma: yogati, na chini yake kwa herufi ndogo za kahawia, vanila.

Vanila! Yogati tamu yenye vanila, juu ya maharage yenye vitunguu saumu na bizari! Janelle akafungua mdomo. Wallahi alifungua, alikuwa anakwenda kusema.

"Usinisimamie hapo," Brielle akasema, amempa mgongo. "Nikihitaji msaada wako nitauomba."

Mdomo ukajifunga.

Akamtazama anavyokata ncha ya mfuko kwa mkasi na kuchora duara dogo katikati ya parachichi, lililokwisha tandazwa juu ya maharage, na la pili likalizunguka la kwanza, na la tatu, mkono umetulia. Akachukua kijiti cha meno, akakivuta kutoka katikati kwenda ukingoni, akarudia pande zote, na maduara yale yakageuka utando wa buibui. Janelle alikuwa amekaa upande wake, anakata zeituni nyeusi. Nusu ya zeituni ikawa mwili, vipande vyembamba vikawa miguu minane. Makaburi yalikuwa vipande vya mkate mwembamba, vimekaushwa kwenye oveni. Wakavichomeka kwenye ukingo mmoja mmoja, bila neno.

"Imependeza," alisema Brielle aliporudi nyuma kuitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake haikuwa na miiba. "Maren atafurahi."

"Atafurahi sana."

"Nitaibeba mimi. Gari langu lina nafasi nyuma."

"Beba tu," Janelle akasema, anafunga kamba za viatu. "Heshima yote yako."

Njiani alikuwa anatabasamu peke yake kwenye usukani. Aliwajua watu wa huku. Hakuna atakayesema chakula ni kibaya, hata akitiliwa sabuni. Ataonja, atameza, atasema "hii ni tofauti kidogo," kisha hatalisogelea tena lile bakuli mpaka sherehe iishe. Na hakuna aibu inayomzidi mwanamke wa huku kama kuondoka karamuni na bakuli lililojaa. Janelle alitaka kumwona Brielle akilibeba. Alitaka kina mama wote wamwone anavuka uwanja wa magari na makaburi yake mazima. Basi! Hakuwa anataka zaidi ya hapo, au ndivyo alivyojiambia.

Saa saba u nusu ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umejaa watoto waliovaa kama wachawi, mizimu na nyuki. Vyakula vilipangwa kwenye meza ndefu, na mbele ya kila chombo palikuwa na kadi iliyokunjwa, ambayo kila mtoto aliiandika mwenyewe darasani. Janelle alipita akizisoma kwa kujifurahisha, mpaka akafika penye bakuli la kioo. Hapo tabasamu likamkauka usoni. Kadi ilikuwa na popo watatu waliochorwa kwa uangalifu, na maandishi ya rangi ya chungwa: *Dipu ya Maren. Mama yangu na Brielle wameipika pamoja!*

Alinyoosha mkono alichukue bakuli. Alichelewa. Watoto walikwisha fika, wakachovya watatu kwa mpigo, na msichana mmoja mrefu aliyevaa kama paka akatema kwenye kiganja.

"Ptuu! Maharage na keki!"

"Hii ya nani?"

"Ya Maren!"

"Maren kaleta matapishi!" Wakapokezana, kama watoto wanavyopokezana kitu cha kuumiza. Matapishi ya Maren, matapishi ya Maren. Baba mmoja akaonja, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii ni… tofauti," akasema, na kuisogeza sahani yake kando.

Maren akaja amevaa kofia yake ya uchawi, anasukuma watu kwa mabega. Miaka kumi, mwembamba, masikio mekundu. Akachovya krispi, akaitia mdomoni, akatafuna. Kila mtu alimwona uso ulivyobadilika. Akameza. Akachovya nyingine.

"Mbona tamu tu," akasema kwa sauti kubwa. "Nyinyi hamjui kula." Akachovya ya tatu, machozi yameshajaa, utando mweupe umempakaa kidevuni. Akachovya ya nne.

"Acha, mpenzi, acha," Brielle alifika mbio, akamshika mkono. "Ina nini? Mimi sisikii ladha, ina nini?"

"Vanila," Maren akasema.

Brielle akalitazama bakuli, na rangi ikamtoka. Hakutafuta pa kujificha, hilo lazima lisemwe. Akawageukia watoto na wazazi wao. "Nimekosea kopo. Nimeweka yogati badala ya krimu. Kosa ni langu, siyo la Maren, mmesikia? Langu mimi." Kisha akawa kama mtu anayehesabu hatua zake za asubuhi. Akainua macho kwa Janelle. "Lakini kopo lilikuwa mbele yako."

Huko upande wa pili watoto waliendelea kupiga kelele.

"Mama," Maren akasema. "Uliona?"

Angeweza kukana. Neno moja tu, na nani angemshtaki? Lakini mtoto alikuwa anamtazama na yogati kidevuni, amekula nne ili asiwaaibishe, na Janelle akashindwa kumdanganya usoni.

"Niliona, mwanangu. Nilidhani watamcheka yeye."

"Jina langu ndilo limeandikwa."

"Sikujua kuhusu kadi. Haki ya Mungu sikujua."

"Kwa hiyo kama ni yeye tu, ingekuwa sawa?"

Janelle akapiga magoti palepale sakafuni, akatoa kitambaa amfute, Maren akarudi nyuma hatua moja. Akajifuta mwenyewe kwa mkono wa gauni lake jeusi.

"Twende zetu," Janelle akasema. "Tukaombe peremende. Leo ni zamu yangu, unakumbuka? Tutaanza na ule mtaa wa juu, wanaotoa zile kubwa."

Maren akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, anaizungusha zungusha, asimtazame.

"Brielle," akasema, "nataka kwenda nyumbani."

Hakusema nyumbani kwa Brielle, wala nyumbani kwa baba. Alisema nyumbani tu, na hakuna aliyeuliza ni wapi.

"Leo uko na mama yako, mpenzi," Brielle akajibu taratibu, bila furaha yoyote. Maren akatikisa kichwa, akamshika mkono na kuanza kumvuta mlangoni. Brielle alimgeukia Janelle, akangoja. Kisheria Janelle angeweza kukataa, karatasi ya mahakama ilikuwa kwenye mkoba wake, yenye mhuri na tarehe ya leo.

"Mpeleke," akasema, bado amepiga magoti.

Wakaondoka. Jumanne ilikuwa bado siku nne, lakini jibu alikwisha lipata. Mama wa yule msichana aliyevaa kama paka akamwinamia, akamuuliza kwa upole kama lile bakuli la kioo ni lake. Janelle akasema hapana, siyo lake, kisha akasimama na kulibeba hivyohivyo mpaka kwenye gari, limejaa.